2,147,483,647: namba tasa ambayo mnada mmoja wa korosho unaivuka

Kijana wa Mtwara anayejifunza kuandika programu za kompyuta hukutana na namba hii mapema, na mara nyingi kwa mshtuko. Ametengeneza programu ya kujumlisha mauzo ya korosho ya AMCOS ya kijiji, yaani chama cha ushirika cha wakulima, jumla inapanda vizuri, halafu ghafla inageuka kuwa hasi. Akiuliza anaambiwa: umevuka 2,147,483,647, hicho ndicho kikomo. Akifungua vitabu vya hisabati anaikuta namba hiyohiyo ikitajwa kwa sifa nyingine kabisa: ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, na jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1772, zaidi ya karne moja na nusu kabla ya kompyuta za kielektroniki. Hapo ndipo huzaliwa maelezo ambayo nimeyasikia hata kwa walimu wenzangu wa hisabati, kwamba mafundi wa kompyuta waliichagua namba hii kwa sababu ni tasa.

Sivyo. Kuwa kikomo ni jambo moja, kuwa tasa ni jambo jingine, na kila moja lina sababu yake. Ila sababu zote mbili zinachipuka kwenye umbo moja la namba, na anayelielewa umbo hilo ataelewa pia kwa nini sisi wa kusini, ambao fedha za msimu tunazihesabu kwa mabilioni ya shilingi, tunagongana na kikomo hiki mapema kuliko nchi zinazohesabu kwa dola.

Tuanze na ukubwa. Inasomwa bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Tuseme kilo moja ya korosho ghafi ina korosho 200, na gunia lina kilo 80. Gunia moja basi lina korosho 16,000. Ili upate korosho 2,147,483,647 unahitaji magunia 134,217 na sehemu kubwa ya gunia jingine. Hizo ni tani 10,737 hivi, mzigo wa malori 358 ya tani 30 yaliyopangwa foleni kuelekea bandarini Mtwara.

Sasa ongeza korosho moja juu ya lundo hilo, ziwe 2,147,483,648, kisha gawanya tena kwa 16,000. Jibu ni 134,217.728 kamili. Ukiondoa nukta, tarakimu hizo, 134217728, ndizo unazozipata ukiizidisha 2 kwa yenyewe mpaka zitimie mbili 27. Si bahati. Namba 2,147,483,648 imeundwa kwa mbili 31 zilizozidishwa pamoja, na 16 ndani ya 16,000 ni mbili nne. Umeondoa nne, zimebaki 27, na ile 1,000 imesogeza nukta tu. Kwa hiyo namba yetu ni 2³¹ ukitoa 1, na kutoka hapo kila sifa yake inafuata.

Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kila nafasi, ambayo huitwa biti, ina thamani mara mbili ya ile iliyo kulia kwake: 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Kwa hiyo 111 ni 4 + 2 + 1, yaani 7, na 11111 ni 31. Safu ya moja tupu siku zote inapungua 1 tu kufikia 2 yenye kipeo kinacholingana na idadi ya hizo moja. Namba yetu katika mfumo huo ni hivi:

1111111111111111111111111111111

Ni moja 31 zilizosimama mstari, bila sifuri hata moja. Tarakimu zake kumi za kawaida zinaonekana kama zimepangwa ovyo, lakini kwa mashine hakuna namba iliyo nyoofu zaidi ya hii.

Kikomo kinatoka wapi? Mashine nyingi ziliwekwa kushughulika na biti 32 kwa mara moja. Wabunifu walipenda makundi ya 8, 16, 32, 64, kila kundi mara mbili ya lililotangulia. Kwa kuwa watu wanahitaji namba hasi pia, biti ya kwanza kushoto hutumika kuonyesha alama: ikiwa 0, namba si hasi, ikiwa 1, ni hasi. Zinabaki nafasi 31 za thamani. Zijaze zote kwa moja, hapo umefika juu kabisa. Sababu ya kikomo inaishia hapo. Hakuna aliyeuliza kama namba hiyo ni tasa.

Ushahidi ni kuvitazama vikomo vya makundi mengine. Biti 8 hukomea 127, ambayo ni tasa. Biti 16 hukomea 32,767, ambayo si tasa: ni 7 × 31 × 151. Biti 32 hukomea namba yetu, na ni tasa. Biti 64 hukomea 9,223,372,036,854,775,807, ambayo si tasa, inagawanyika kwa 7. Biti 128 zingekomea namba ya tarakimu 39, na Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha mwaka 1876 kwamba namba hiyo ni tasa. Tasa, si tasa, tasa, si tasa, tasa. Kama mafundi wangekuwa wanachagua namba tasa, wangekuwa wamekosea mara mbili kati ya tano.

Lakini mpangilio huo wenyewe una maelezo, na hapa ndipo hisabati inaponivutia zaidi. Urefu wa safu ya moja katika vikomo hivyo ni 7, 15, 31, 63 na 127. Angalia safu ya moja 15: unaweza kuikata katika vipande vitano vya moja tatu-tatu, na kila kipande ni 111, yaani 7. Kwa hiyo namba nzima inagawanyika kwa 7. Unaweza pia kuikata vipande vitatu vya moja tano-tano, na kila kipande ni 31. Ndiyo maana 7 na 31 zimo ndani ya 32,767. Safu ya moja 63 inakatika hivyohivyo, kwa tatu-tatu, saba-saba au tisa-tisa. Safu ambayo urefu wake unagawanyika haiwezi kuwa namba tasa, kwa sababu mkato wenyewe unakupa kigawo. Safu ya moja 31 haikatiki sawasawa, kwa sababu 31 ni tasa.

Na kwa nini 31 ni tasa? Nayo ni safu ya moja: 11111. Makundi ya biti ni 8, 16, 32, 64, 128, ukitoa biti ya alama unabaki na 7, 15, 31, 63, 127, na hizo zote ni safu za moja zenyewe, zenye urefu wa 3, 4, 5, 6 na 7. Urefu wa 4 na wa 6 unakatika. Wa 3, 5 na 7 haukatiki. Kwa hiyo namba yetu ina umbo lile ndani ya umbo lile: 5 inazaa 31, na 31 inazaa 2,147,483,647. Namba tasa zinazozaliwa kwa namna hii ya ngazi mbili zinazojulikana duniani mpaka leo ni nne tu: 7, 127, yetu, na ile ya Lucas.

Hata hivyo safu isiyokatika siyo lazima iwe tasa. Moja 11 zinaunda 2,047, na 2,047 ni 23 × 89, ingawa 11 ni tasa. Urefu kuwa tasa kunafungua mlango tu. Bado lazima mtu aingie na kutafuta vigawo. Watu walikosea sana hapa. Pietro Cataldi wa Italia alidai mwanzoni mwa miaka ya 1600 kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote vinatoa namba tasa. Vitatu vilikuwa makosa. 31 pekee ndiyo ilikuwa sahihi. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne, ambaye jina lake limebaki kwenye namba za aina hii, alitoa orodha yake mwaka 1644 hadi kipeo 257. Aliiweka 31 kwa usahihi, akaingiza 67 na 257 zisizostahili, akaziacha 61, 89 na 107 zinazostahili. Alikuwa anakisia. Kwa 31, aliyemaliza ubishi ni Leonhard Euler, mwaka 1772, akiwa Saint Petersburg nchini Urusi, wakati macho yake yalikuwa karibu yamepofuka kabisa. Aliieleza katika barua kwa mmoja wa wanahisabati wa ukoo wa Bernoulli.

Alifanyaje? Njia ya kawaida tunayowafundisha wanafunzi ni kujaribu kila namba tasa mpaka kwenye kipeuo cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na ushee, na chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Kugawanya namba ya tarakimu kumi mara 4,700 kwa mkono ni kazi ya miezi, na kosa moja linaharibu kila kitu. Euler alitafuta kwanza vigawo vinaweza kuwa na sura gani, ndipo akagawanya.

Chukua namba tasa 23. Anza na 1, zidisha kwa 2, na kila ukivuka 23, punguza 23 ubaki na baki. Unapata 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, halafu unarudi 1. Umerudi baada ya hatua 11. Pierre de Fermat aligundua katika karne ya 17 jambo ambalo kutokana nalo tunajua hivi: kwa namba tasa yoyote isiyo 2, idadi ya hatua za kurudi kwenye 1 lazima iigawe namba hiyo tasa ukiipunguza 1. Hapa 22 inagawanyika kwa 11. Imekubali.

Sasa tuseme kuna namba tasa, tuiite p, inayoigawa 2³¹ − 1 bila baki. Maana yake 2³¹ ikigawanywa kwa p inabakiza 1. Yaani ukianza na 1 na kuzidisha kwa 2, hatua ya 31 inakurudisha kwenye 1. Mzunguko mmoja kamili basi lazima uingie mara kamili ndani ya hatua 31. Lakini 31 ni tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, na mzunguko wa hatua moja hauwezekani kwa kuwa hatua ya kwanza inakupeleka kwenye 2. Kwa hiyo mzunguko ni wa hatua 31 hasa, na p ukiipunguza 1 lazima igawanyike kwa 31. Tena p ni witiri, kwa hiyo p ukitoa 1 ni shufwa. Ukiviunganisha, kigawo chochote cha namba yetu kina sura ya 62 mara kitu fulani, jumlisha 1.

Makosa ya Cataldi yanaithibitisha kanuni hiyo. Kwa kipeo 23, kigawo ni 47, ambacho ni 46 + 1. Kwa 29 ni 233, ambayo ni 58 × 4 + 1. Kwa 37 ni 223, ambayo ni 74 × 3 + 1. Vigawo vyote vilikuwa mstari wa mbele, vidogo kabisa, vinasubiri mtu anayejua pa kutazama.

Kuna kichujio cha pili. Ikiwa 2³¹ inabakiza 1, basi 2³² inabakiza 2. Lakini 2³² ni 65,536 × 65,536. Kumbe kwa kigawo p kuna namba ambayo kipeo chake cha pili kinabakiza 2. Si kila namba tasa inaruhusu hivyo. Kwa 7 inawezekana: 3 × 3 ni 9, baki 2. Kwa 17 inawezekana: 6 × 6 ni 36, baki 2. Kwa 23, 5 × 5 ni 25, baki 2. Kwa 5, 11 na 13 jaribu upendavyo, hupati. Kanuni ni kwamba namba tasa zinazoruhusu, ukiacha 2 yenyewe, ni zile tu ambazo ukizigawa kwa 8 zinabakiza 1 au 7. Ukichanganya vichujio viwili, kigawo cha namba yetu, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63.

Hesabu sasa zimebaki ngapi chini ya 46,340? Ni 372, ukiiacha 63 yenyewe. Na ndani ya hizo nyingi si tasa. Ya kwanza, 249, ni 3 × 83, haina haja ya kujaribiwa. Ukizitupa za namna hiyo, namba za kujaribu hazifiki mia. Ya kwanza yenye haki ya kujaribiwa ni 311: inaingia mara 6,905,092, baki 35. Halafu 1,303, halafu 1,489, na kuendelea. Zote zinaacha baki. Kazi ya miezi imekuwa kazi ya siku chache kwa mtu mwenye subira, na mwisho wake ni uhakika kamili. Kwa zaidi ya miaka 70 baada ya hapo namba yetu ilikaa kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana.

Hoja hii ningependa ifundishwe Newala, Masasi na Nachingwea, kwenye kidato cha tatu au cha nne. Hakuna kitu ndani yake kinachozidi kugawanya na kubakiza, mambo ambayo mtoto ameyajua tangu shule ya msingi, na bado inafikia jibu ambalo Mersenne alilikisia tu.

Lucas alikuja na njia fupi zaidi miaka ya 1870, ikanyooshwa na Mmarekani Derrick Lehmer mwaka 1930. Anza na 4. Ipeleke kwenye kipeo cha pili, toa 2, chukua baki ya kugawanya kwa namba unayoichunguza, rudia. Kwa 31 (kipeo 5) unarudia mara tatu: 4 inakuwa 14, 14 inakuwa 194 ambayo inabakiza 8, na 8 inakuwa 62 ambayo inabakiza 0. Sifuri ikitokea hapo mwisho, namba ni tasa. Kwa namba yetu unarudia mara 29, na simu ya mkononi inamaliza kabla hujainua kidole. Njia hiyohiyo ndiyo inayotumika kuthibitisha namba tasa kubwa za siku hizi. Iliyotangazwa Oktoba 2024 ina kipeo 136,279,841 na tarakimu zaidi ya milioni 41.

Namba yetu pia ina mtoto mashuhuri. Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinarudisha namba hiyohiyo: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Kila namba tasa ya umbo hili inazaa namba kamilifu moja. Zidisha 2,147,483,647 kwa 2³⁰ upate 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba haielekei kuna mtu atakayewahi kutafuta kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa namba hizi zinashangaza tu bila kuwa na faida. Zimeshapatikana nyingine kadhaa kubwa zaidi.

Ngazi ya tatu ya umbo letu nayo ilijaribiwa. Kama 5 inazaa 31, na 31 inazaa namba yetu, je, safu ya moja 2,147,483,647 ni tasa? Namba hiyo ina tarakimu 646,456,993, hakuna awezaye kuigawa kwa mkono. Lakini kanuni ya Euler bado inatawala: kigawo chochote chake lazima kiwe namba yetu mara kitu shufwa, jumlisha 1. Na kigawo kimepatikana, 295,257,526,626,031. Toa 1, gawanya kwa 2,147,483,647, unapata 137,490 kamili. Mnyororo umekatikia hapo.

Yale maelezo kwamba wahandisi waliitaka namba tasa yana chembe ya ukweli mahali pamoja, kwenye namba nasibu. Kompyuta inapohitaji kuchagua bila mpangilio, kwa mfano kuteua magunia ya kupimwa ubora ghalani, hutumia kanuni fulani ya kuzalisha namba zinazoonekana kuwa za bahati. Moja iliyoenea, iliyopendekezwa mwaka 1969 na kutetewa kama kiwango cha chini mwaka 1988 na Stephen Park na Keith Miller, inasema hivi: zidisha namba uliyonayo kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, chukua baki. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Hapa kuwa tasa ndiko kulikotakiwa. Kwa sababu namba ni tasa, na kwa sababu 16,807 ilichaguliwa vizuri (ni 7 yenye kipeo cha tano), mfuatano unapitia kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 mara moja moja kabla ya kujirudia. Ambaye ameiandika programu hii na anataka kujua kama ameipatia, aanze na 1 na atazame namba ya 10,000 anayoipata: lazima iwe 1,043,618,065.

Turudi kwenye fedha. Tuseme bei mnadani ni shilingi 3,500 kwa kilo. Gunia la kilo 80 ni shilingi 280,000. Magunia 7,669 yanaleta 2,147,320,000, bado ndani. Gunia la 7,670 linafikisha 2,147,600,000, umevuka. Ni tani 613 na ushee, kiasi ambacho ghala kuu moja huweza kukiuza katika mnada mmoja. Mtengeneza programu aliyejifunzia mifano ya dola haoni tatizo hili, kwa sababu dola bilioni mbili ni fedha asizotarajia kuziona. Kwa shilingi ya Tanzania ni wiki ya kawaida ya Novemba Tandahimba. Na kama ameamua kuhifadhi fedha kwa senti, jambo linalofundishwa sana ili kuepuka makosa ya desimali, kikomo kinashuka hadi shilingi 21,474,836 na senti 47. Gunia la 77 linatosha kukivuka.

Kinachotokea ukivuka ni hiki. Tani 700 kwa bei ile ni shilingi 2,450,000,000. Namba hiyo inaingia kwenye biti 32, lakini inalazimika kuitumia ile biti ya kwanza, na mashine ikiona 1 mahali hapo inasoma namba hasi. Unatoa 4,294,967,296, ambayo ni 2³², na kwenye kioo inatokea −1,844,967,296. Java, moja ya lugha za kuandikia programu, kwa aina yake ya kawaida ya namba nzima, hufanya hivyo kimyakimya bila onyo lolote. Hilo angalau linaonekana. Karani yeyote akiona alama ya kutoa mbele ya malipo ya wakulima atasimamisha kazi.

La hatari zaidi liko mbele kidogo. Tani 1,300 ni shilingi 4,550,000,000. Toa 4,294,967,296, unabaki na 255,032,704. Hakuna alama ya kutoa. Ni namba chanya, ya kuaminika, inayofanana na malipo halali, ila bilioni nne na ushee zimepotea kwenye karatasi. Ndiyo maana nasisitiza kwa vijana: msijaribu programu zenu kwa magunia kumi. Zijaribuni kwa msimu mzima wa wilaya.

Upo mtego mwingine unaofanana. Baadhi ya kanzidata, yaani programu za kuhifadhi taarifa, zikipewa namba inayozidi nafasi, hazigeuki kuwa hasi bali hubana kila kitu kwenye kikomo. Mtu akihifadhi namba za simu za wanachama kama namba nzima za biti 32, zikianza na 255 zina tarakimu 12, hazienei. Orodha inaonyesha wakulima wote wana simu moja, 2147483647. Ukiiona namba hiyo kwenye orodha yoyote, ya simu au ya fedha, usiendelee na kazi, imejaa. Namba ya simu haijumlishwi wala haizidishwi, ihifadhiwe kama maandishi.

Kikomo hiki kimeshaonekana hadharani. Desemba 2014 wimbo mmoja wa Korea Kusini ulipita watazamaji 2,147,483,647 kwenye YouTube, na kihesabio kikapanuliwa hadi biti 64.

Na kinakuja tena, safari hii kwenye saa. Kompyuta nyingi hupima muda kwa kuhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa majira ya Greenwich. Zile zinazohifadhi hesabu hiyo kwa biti 32 zitajaa baada ya sekunde 2,147,483,647, yaani miaka 68, siku 18 na saa chache. Kwa saa zetu ni Jumanne, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, jua la Mtwara likiwa ndiyo kwanza limechomoza baharini. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itadhani ni Desemba 13, 1901, wakati Lindi na Mikindani zilikuwa chini ya Wajerumani na vita vya Majimaji bado miaka minne mbele. Simu na kompyuta mpya nyingi tayari zinatumia biti 64. Wasiwasi ni kwa vifaa vidogo vinavyofungwa na kusahaulika, na kwa mikopo ya miaka 15 ambayo tarehe zake za mwisho tayari zinaandikwa leo.

Dawa ni ileile pande zote: biti 64. Kikomo chake, 9,223,372,036,854,775,807, kinatosha kwa korosho zote, ufuta wote wa Lindi na sekunde za miaka bilioni 292. Si namba tasa, kama tulivyoona, kwa kuwa safu ya moja 63 inakatika kwa tatu-tatu. Mwanafunzi anayetaka kuhakikisha achukue kalamu na kuigawa kwa 7: atapata 1,317,624,576,693,539,401, bila baki.